Fremu za Msikiti na Posho ya Maalim

 

Mwezi wa Shaabani uliopita mwalimu mwenzetu, tuliyesomesha naye chumba kimoja kwa miaka tisa, alikuja kutuaga baada ya Swala ya Alasiri. Hakuwa amekosana na mtu. Shemeji yake alikuwa amemnunulia pikipiki, na kuanzia Jumamosi ile angekuwa kijiweni akisubiri abiria. Posho yake ya madrasa ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na ilikuwapo miezi ambayo hata hizo hazikupatikana. Huyu ni mtu aliyehifadhi Qur'ani yote, mwenye sauti nzuri na subira na watoto. Wanafunzi wake tukawagawa katika madarasa mawili yaliyobaki, na baadhi yao hatujawaona tena.

Hatuandiki haya kumlaumu. Kuwatafutia watoto riziki ya halali ni wajibu wake mbele ya Allah, na kuendesha pikipiki si aibu. Tunaandika kwa sababu msikiti huo huo una fremu sita zinazotazama barabara kuu. Ziliachwa wakfu na mzee mmoja, Allah amrehemu, kwa maslahi ya msikiti na ya wanaosomesha humo. Kila fremu inapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Ng'ambo ya barabara fremu za ukubwa uleule, mali ya mtu binafsi, zinapangishwa kwa 150,000. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: msikiti unapoteza shilingi 720,000 kila mwezi, nazo ni mshahara wa walimu watatu kwa shilingi 240,000 kila mmoja. Wapangaji wenyewe ni akina nani? Wawili ni jamaa wa wanakamati. Mwingine ameipangisha fremu hiyo kwa mtu wa tatu kwa bei ya soko, na tofauti anaitia mfukoni. Na kila Ijumaa, baada ya swala, sanduku linapitishwa katika safu kuomba fedha za umeme.

Msikiti huo hatutautaja. Kamati yake, ikiyasoma haya, itajitambua. Na tunachelea kwamba kamati nyingine nyingi zitajitambua pia.

Zama hizi yanasemwa mengi kuhusu biashara zinazoirudishia jamii. Ukifika mwezi wa Ramadhani tunaona makampuni yakigawa futari, tende na mafuta ya kupikia, na mbele ya kila kiroba pamesimama mpiga picha. Hatusemi kwamba chakula hicho hakishibishi. Tunasema kwamba kampuni iliyotoa mwaka huu yaweza mwakani isitoe, na hapana mwenye haki ya kuiuliza. Wapo pia wafanyabiashara wetu wanaotoa Zaka na kujiona wamekwisha kuwa wakarimu. Zaka si ukarimu, bali ni haki ya wengine iliyomo katika mali yao. Aliyeitoa amelipa deni, na ukarimu unaanzia hapo.

Biashara inayowahudumia watu kwa dhati, kwa rai yetu, ni ile ambayo utoaji umeandikwa katika msingi wake, hata mwenyewe akibadilika moyo, au akifa na kurithiwa na mabakhili, hapana awezaye kuuondoa. Sheria yetu inayo namna hiyo tangu zama za Mtume (s.a.w.). Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi Khaybar, mali yenye thamani kubwa kuliko zote alizowahi kumiliki, akamwendea Mtume kumtaka ushauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Umar akaiweka kwa masharti kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake ni ya mafakiri, jamaa, kuwakomboa watumwa, njia ya Allah, wasafiri na wageni. Kisha akaongeza sharti ambalo aghlabu tunalisahau: msimamizi wake hana dhambi akila humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali.

Sharti hilo tulitazame vizuri, kwani ndani yake mna elimu ya uendeshaji. Umar hakutaraji kwamba mtu atasimamia shamba maisha yake yote kwa ajili ya thawabu tupu na njaa. Alimpa haki iliyo wazi na akaiwekea mpaka. Sisi tumefanya kinyume chake. Msimamizi tunamwita mtu wa kujitolea, hatumlipi kitu, hatumtaki hesabu, kisha tunashangaa kwamba amejilipa mwenyewe.

Uthman bin Affan (r.a.) naye alikuwa mfanyabiashara, na katika kisima cha Ruma alitenda kama mfanyabiashara. Madina ilikuwa na shida ya maji matamu, na mwenye kisima alikuwa akiuza maji. Wasimulizi wanaeleza kwamba Uthman kwanza alinunua nusu ya kisima kwa dirhamu 12,000, wakapeana zamu, siku ya huyu na siku ya yule. Katika siku yake watu walichota bure, tena walichota maji ya siku mbili. Siku ya pili mwenzake hakupata mteja. Haukupita muda akaiuza nusu iliyobaki kwa dirhamu 8,000. Wengi husimulia kisa hiki kuonesha ukarimu, na ukarimu umo. Lakini mtazame na mtu aliyelijua soko: hakumlaani muuza maji mimbarini, wala hakuwanunulia watu ndoo mojamoja kila siku. Aliununua mfereji wenyewe wa riziki, na nusu ya pili akaipata kwa bei ndogo kuliko ya kwanza.

Katika karne zilizofuata miji ya Waislamu iliendeshwa kwa njia hii. Mwaka 683 Hijria, yaani 1284 Miladia, Sultani Qalawun alianzisha hospitali yake mjini Cairo, ikitibu bila malipo, na gharama zake zikitoka katika maduka na mali nyingine zilizowekwa wakfu kwa ajili yake. Kila mwenye duka aliyelipa kodi alikuwa akimnunulia dawa mgonjwa asiyemjua. Katika karne ya 20 mahali hapo hapo ilijengwa hospitali ya macho.

Na kwa kuwa tumetaja macho, tuvuke hadi India ya kusini, katika mji wa Madurai. Mwaka 1976 daktari mmoja wa macho, Govindappa Venkataswamy, alistaafu kazi ya serikali akiwa na umri wa miaka 58. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Akafungua hospitali yenye vitanda 11, aliyoiita Aravind. Nia yake ilikuwa kuwaondolea masikini upofu wa mtoto wa jicho, upofu unaotibika kwa upasuaji mfupi, ilhali mamilioni hubaki gizani kwa kukosa fedha.

Utaratibu wake ni huu. Mgonjwa anayeweza kulipa analipa, na asiyeweza anatibiwa bure au kwa malipo kidogo sana. Madaktari ni walewale. Tofauti iko katika malazi: mwenye fedha hupata chumba chake, masikini hulala juu ya mkeka pamoja na wenzake. Chumba cha upasuaji kimepangwa ili daktari asipoteze dakika. Akimaliza jicho moja anageukia kitanda cha pili, ambako mgonjwa mwingine amekwisha kuandaliwa na wauguzi, na wengi wa wauguzi hao ni mabinti wa vijijini waliofundishwa hapo hapo. Kwa wingi wa kazi gharama ya kila jicho inapungua, na ziada itokayo kwa wanaolipa inatosha kuwatibu wasiolipa. Lenzi za kupandikiza ndani ya jicho zilikuwa zikiagizwa kutoka nje kwa makumi ya dola kila moja. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, bei ikashuka chini ya dola 10, na leo lenzi zake zinauzwa katika nchi zaidi ya 100. Daktari yule alifariki mwaka 2006. Hospitali haikugawanywa na warithi, kwani mali yake iko chini ya amana isiyogawa faida kwa mtu yeyote.

Huenda ndugu akauliza kwa nini tunawaletea mfano wa Mhindu katika jarida la Waislamu. Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit awaoneshe njia, naye alikuwa bado mshirikina, kwa sababu aliijua njia. Itikadi ya watu wa Madurai hatuichukui. Tunachukua wanachokijua, na tunaona haya kidogo kwamba asili isiyoguswa na matunda yanayogawiwa tumeyakuta kwao yakifanya kazi, wakati kwetu yamelala katika makabati.

Tutaulizwa pia kuhusu Muhammad Yunus wa Bangladesh, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2006, mwenye kuhimiza biashara ambayo mtaji humrudia mwekezaji bila faida juu yake. Rai hiyo ni njema. Benki yake ya Grameen, hata hivyo, inakopesha kwa riba, na riba haihalaliki kwa kupewa masikini. Dada zetu wanaoandamwa na mikopo ya kausha damu mitaani wanajua, bila ya kusoma kitabu, kwa nini Allah ameiharamisha.

Turudi kwenye fremu. Kupangisha mali ya wakfu kwa bei ya chini si suala la huruma wala la ujirani. Wanazuoni wa fiqhi wanayo istilahi, ujratul-mithli, yaani kodi inayolipwa kwa mali mfano wa hiyo mahali hapo na wakati huo. Msimamizi haruhusiwi kupangisha kwa upungufu mkubwa chini yake. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, ijara ya namna hiyo haisihi. Mwenye nyumba yake anaweza kumpunguzia ndugu yake apendavyo, kwa kuwa ni mali yake. Mwanakamati anayempunguzia shemeji yake shilingi 120,000 kila mwezi amezitoa katika mfuko wa mwalimu na wa watoto wa madrasa, wala hakuwataka idhini. Tunalisema hili kwa uwazi kwa sababu tumeona watu wachamungu, wanaoamka usiku kuswali, wakilifanya wakidhani kwamba ni wema.

Iwapo fremu zitalipiwa inavyostahiki, fedha zake zisiliwe zote. Fuqahaa wametanguliza ukarabati wa mali ya wakfu kabla ya wanaonufaika nayo, maana paa likianguka wote wamekosa. Msimamizi alipwe ujira unaojulikana. Hesabu ya kila mwezi ibandikwe ukutani, pale panapobandikwa nyakati za swala, isomwe na kila mtu.

Na misikiti isiyo na fremu? Hapa ndipo huzuka hoja kwamba fedha taslimu haziwekwi wakfu, kwa kuwa hutumika zikaisha. Hoja hii imo katika vitabu tulivyosomeshwa, na hatuidharau. Lakini khilafu ndani yake ni ya kale. Katika dola ya Uthmaniya, karne ya 16, Sheikhul-Islam Abussuud aliijuzisha wakfu ya fedha na Birgivi akaipinga kwa nguvu. Sehemu ya wakfu hizo ilikuwa ikikopeshwa kwa ziada iliyofanana na riba, na hapo tunamuunga mkono Birgivi. Hata hivyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 15 kilichofanyika Muscat mwaka 2004, lilipitisha azimio kwamba wakfu ya fedha inajuzu, nazo zikopeshwe kwa njia ya karadha njema au ziwekezwe katika biashara ya halali, asili yake ikihifadhiwa. Kwa hiyo waumini mia moja, kila mmoja akitoa kiasi alichojaaliwa, wanaweza kununua mashine ya kusaga nafaka na kuikabidhi kwa kijana mwaminifu kwa mapatano ya mudharaba. Wenye maduka wasage kwa bei ya mtaa, na wajane wasage kwa nusu yake. Faida ya msikiti ilipe walimu. Hiyo ni Madurai ndogo, na haihitaji kuandikiwa barua mfadhili wa ng'ambo.

Barua hizo nasi tumeshiriki kuziandika, kwa Kiarabu kilichopambwa, tukiambatanisha picha za watoto wamekaa chini. Baadhi zilijibiwa. Kisha baada ya mwaka 2001 baadhi ya taasisi za misaada za Ghuba zikabanwa na nyingine zikafungwa, na madrasa zilizokuwa zikilipiwa mishahara kutoka huko zikabaki na majengo mazuri yasiyo na walimu. Msaada haukuwa na ubaya, lakini asili yake haikuwa mikononi mwetu.

Tulipolifikisha jambo la fremu kwa kamati, tuliambiwa kwamba kazi ya maalim ni kusomesha, na kwamba tusiwagawe waumini. Tulinyamaza mwezi mzima. Kisha tukaomba kuiona hati ya wakfu. Ni karatasi moja yenye mistari michache, na walimu wametajwa humo kabla ya umeme.

Mikataba ya fremu zile sita inakwisha mwishoni mwa Dhulhija. Tunaiomba kamati iisome hati hiyo hadharani kabla ya kuifanya mipya, baada ya Swala ya Ijumaa, waumini wakiwa bado wamekaa.