Mfanyakazi Ashauriwe Kabla ya Uamuzi

Nchini Tanzania, wazo la kumshirikisha mfanyakazi katika uongozi wa mahali pa kazi si geni. Mwaka 1970, kwa Waraka wa Rais Na. 1, Mwalimu Julius Nyerere aliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye kiburi na ubwana. Lakini mabaraza hayo yalipewa uwezo wa kushauri tu. Neno la mwisho lilibaki kwa wakubwa.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, kisha ashauriane nao juu ya sababu, njia za kuepuka upunguzaji huo, jinsi ya kuwateua watakaoondoka, wakati wake na malipo. Basi kikao kinachoitishwa barua zikiwa zimekwisha kuchapwa hakistahili kuitwa mashauriano. Hilo ni tangazo.

Wako wasemao kwamba wenye taaluma hawahitaji ulinzi huo, kwa kuwa elimu yao yawatosha. Tunakataa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi ndiye ajuaye wodi ibakiayo na mhudumu mmoja usiku; mwalimu ndiye ajuaye darasa lisiloweza tena kuongezewa wanafunzi. Anayeamua bila kuwasikiliza hawa huwaumiza pia mgonjwa na mtoto, ambao hawana kiti katika kikao chochote.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alifundisha kwamba ni haki wafanyakazi washiriki katika uendeshaji wa mahali wanapofanyia kazi. Hospitali, shule na ofisi za Kanisa haziko nje ya fundisho hilo, zinapaswa kutangulia.

Kwa hiyo tunawasihi waajiri: wekeni taarifa mezani mapema, toeni muda wa kutafakari, na mkiukataa ushauri, elezeni sababu kwa maandishi. Nanyi wafanyakazi, chagueni wawakilishi wasionunulika, someni hesabu mnazopewa, semeni kweli bila matusi. Manung'uniko ya pembeni hayajapata kumrudisha mtu kazini. Neno lililosemwa barazani kwa wakati wake, likaandikwa katika kumbukumbu za kikao, laweza kumzuia asiondolewe.