Mti ulioanguka shuleni usiishie jikoni

Mti unapoanguka katika uwanja wa shule zetu, aghalabu huwa na njia moja tu ya kufuata: kutoka ardhini hadi kwenye shoka, na kutoka kwenye shoka hadi chini ya sufuria ya githeri. Hakuna anayeuliza ni mti gani wala ulipandwa na nani. Mpishi hufurahi, mhazini naye hufurahi kwa kuwa ameokoa pesa za kuni za juma moja au mawili, na jambo huwa limekwisha. Nionavyo mimi, shule inayofanya hivyo huwa imekitia motoni kifaa cha kufundishia ambacho haikukilipia hata senti moja.

Walimu wa Kiswahili watakubaliana nami kwamba wanafunzi wetu hukaririshwa msamiati wa ala za kazi: randa, patasi, keekee, jiriwa, msasa na kerezo, ambalo wengine huliita keezo. Mwanafunzi hujibu bila kusita kwamba kerezo ni chombo cha kukerezea mbao, akapewa alama yake, kisha akasahau. Mwulize kukereza ni kufanya nini hasa, naye atabaki kimya. Hajapata kuona kipande cha mti kikizunguka kwa kasi huku patasi ikikiambua tabaka baada ya tabaka hadi kikawa mviringo kamili. Husoma kwamba matendegu ni miguu ya kitanda, lakini hajui kuwa mafundi wa Pwani walikuwa wakiyakereza matendegu hayo kabla ya umeme kufika kwao. Neno limebaki katika kamusi, ilhali ufundi wenyewe haujulikani darasani.

Mimi si seremala. Nimekuwa nikikereza kwa miaka kadhaa kama uraibu tu, nyakati za jioni na siku za mapumziko, na sinunui mbao. Natumia miti ambayo majirani wameikata kwa kuwa imezeeka, imepigwa na radi au inatishia kuangukia nyaya za umeme. Mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika Kusini, una mbao laini na nyeupe zinazomfaa sana anayeanza. Mwembe ukilala chini miezi michache huingiwa na kuvu, nao hutokea na mistari myeusi na ya kijivu ambayo hakuna mchoraji awezaye kuiiga. Mgrivea una nakshi ya kupendeza, ila vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi. Mkaratusi nao ni mkaidi, hupasuka hata kabla hujamaliza kuupima. Kila mti una tabia yake, na anayeukereza huijua tabia hiyo kwa mikono yake.

Je, uraibu huu una manufaa gani kwa shule? Tuanze na sayansi. Gogo bichi limejaa maji. Likiachwa juani hupasuka kuanzia kwenye kiini, kwa sababu mti haunywei sawasawa pande zote. Kiasi ambacho hunywea kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji ni karibu maradufu ya kile cha kuelekea kwenye kiini, na urefu wake haupungui ila kidogo mno. Ndiyo maana mkereza hulipasua gogo katikati na kukiondoa kiini, kisha akapaka rangi au nta kwenye ncha ili maji yasitoke kwa pupa.

Hisabati nayo ipo. Bakuli lenye kipenyo cha sentimita 20 hukerezwa mara ya kwanza likaachiwa ukuta wa sentimita 2 hivi, yaani sehemu moja ya kumi. Kisha hufungwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, likahifadhiwa kivulini kwa miezi kadhaa. Mwanafunzi anaweza kulipima uzito kila juma na kuchora grafu. Uzito ukikoma kupungua, atajua kwamba bakuli limekauka na laweza kukerezwa mara ya pili hadi liwe jembamba. Ni somo gani la unyevu litakaloshinda hilo? Aidha, mwalimu wa biolojia ataweza kuwaonyesha wanafunzi kwamba pete za miti ya kwetu haziwakilishi miaka kila mara, kwa kuwa nchi iliyo kwenye Ikweta haina majira ya baridi kali ya kuusimamisha ukuaji.

Lakini faida kubwa kuliko zote si ya sayansi wala hisabati. Tangu mtalaa wa umilisi uenezwe nchini mwaka wa 2019, wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za mikono wanazopewa watoto huishia kufanywa na wazazi wenyewe, au kununuliwa sokoni na kufikishwa kwa mwalimu kana kwamba zilitoka mikononi mwa mtoto. Mwalimu hujua, mzazi hujua, na mtoto hujua pia. Hapo huwa tumemfundisha mwana wetu udanganyifu kwa jina la ubunifu. Bakuli lililokerezwa shuleni, kutokana na mti ulioanguka shuleni, mbele ya macho ya mwalimu, haliwezi kununuliwa dukani. Patasi ikimteleza mwanafunzi, alama yake itabaki pale pale, naye atalazimika kufikiri jinsi ya kuirekebisha.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni la mpishi: shule nyingi za mabweni hutegemea kuni, na njaa haingoji bakuli likauke. Ni kweli. Hata hivyo, siombi mti mzima. Gogo nene lenye urefu wa mita moja latosha kutoa mabakuli kadhaa, vinara, mipini ya patasi na pia za kuchezea watoto. Matawi, vipande vya pembeni na maranda yote yaende jikoni. Mpishi atapoteza mzigo mmoja tu.

La pili ni la gharama. Kerezo la umeme ni ghali, sikatai. Lakini kerezo la mguu laweza kuundwa na fundi yeyote wa kijijini. Ufito mrefu unaopindika hufungwa juu, na kamba hushuka kutoka kwenye ufito huo ikazungushwa kwenye kipande kinachokerezwa, kisha ikafungwa kwenye kanyagio. Mguu ukishuka, kipande huzunguka nayo patasi ikakata. Mguu ukiinuka, ufito hukirudisha nyuma. Karibu na High Wycombe nchini Uingereza, mafundi walikereza miguu ya viti msituni kwa chombo cha namna hiyo hadi karne ya 20. Sioni kwa nini shule ya Kakamega au Taita ishindwe.

La tatu ni la usalama, nalo halina mzaha. Mwanafunzi asiikaribie mashine akiwa amevaa tai, sweta yenye mikono mipana au kamba ya filimbi shingoni. Avae miwani ya kukinga macho, afunike pua na mdomo dhidi ya vumbi, na asianze kabla mwalimu hajahakikisha kwamba kipande kimekazwa barabara. Miti yenye utomvu wa hatari kama mnyaa isiguswe kabisa, kwa kuwa maziwa yake huweza kuyadhuru macho vibaya.

La nne ndilo zito zaidi. Je, hatutakuwa tukiwafundisha watoto kuitamani miti iliyosimama? Hofu hii ina msingi. Sanaa ya uchongaji ya Wakamba, ambayo husimuliwa kwamba ililetwa Wamunyu na Mutisya Munge kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, imezilisha familia nyingi na kulitangaza jina la Kenya ng'ambo. Lakini iliutegemea mno mpingo na muhugu hadi miti hiyo ikawa adimu, na wachongaji wakahimizwa kuugeukia mwembe, mwarobaini na mjakaranda. Funzo ni wazi. Mkereza wa shule asitumie ila mti ulioanguka wenyewe au uliokatwa kwa idhini kwa sababu nyingine, na kila unapoanguka mmoja, wanafunzi wapande miche mahali pake. Mtoto aliyetumia miezi kadhaa kulikausha bakuli moja hataona mti kama takataka tena.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, uliahidi kumpa kila mwanafunzi ujuzi wa mikono. Wazazi walichanga pesa, na karakana zikajengwa katika shule nyingi. Lakini vifaa vilikuwa haba, walimu hawakutosha, na masomo yakawa mengi kupita kiasi. Hatimaye masomo ya ufundi yalipunguzwa, na baadhi ya karakana zikageuzwa mabohari ya madawati mabovu. Sasa shule za sekondari ya msingi, zilizoanza mwaka wa 2023, zina somo la maandalizi ya ufundi. Tukilifundisha somo hilo kwa chaki na daftari pekee, litafuata njia ile ile.

Kwa hivyo, ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Mti utakapoanguka tena katika uwanja wenu, uzuieni msumeno kwa siku moja. Mwiteni mwalimu wa sayansi, mwalimu wa Kiswahili na fundi wa kijiji, na wanafunzi wautambue mti huo kwa jina lake. Tengeni gogo moja, lipakwe nta kwenye ncha na kuwekwa kivulini. Chama cha wakereza kianze na wanafunzi watano au sita, mchana wa Jumamosi, bila mtihani wala alama.

Nanyi wanafunzi msingoje amri ya Wizara. Wahenga walinena, udongo uwahi ungali maji. Mti nao hukerezeka vyema ungali mbichi, na ujana wenu ndio wakati wa mikono yenu kujifunza.