Risala ya Watengenezaji Programu kwa Mkurugenzi wa Ufundi Kuhusu Skripti ya Ujenzi wa Mfumo

Ndugu Mkurugenzi,

Sisi watengenezaji programu, wapimaji na wasimamizi wa seva tunakuletea malalamiko yetu kuhusu skripti ya Ant inayojenga mfumo wetu, pamoja na madai tuliyokubaliana kwa kauli moja.

Ant, iliyoanzishwa na James Duncan Davidson na kutolewa rasmi mwaka 2000, hugawa kazi katika shabaha. Kila shabaha hutaja kwa neno “depends” zile zinazopaswa kuitangulia. Msingi huo ni wa siku nyingi: Stuart Feldman aliujenga ndani ya Make huko Bell Labs mwaka 1976. Skripti yetu imeupa kisogo, na gharama yake tunaibeba sisi.

MALALAMIKO

1. Masharti hayazuii madhara. Shabaha ya kusambaza toleo ina sharti la “unless” ili isifanye kazi kwenye seva ya majaribio. Lakini Ant hutekeleza kwanza tegemezi zote, ndipo huangalia sharti. Usambazaji huzuiwa, ilhali shabaha ya kufuta hifadhidata, iliyotajwa kwenye “depends”, imekwisha kufanya kazi yake. Wapimaji wamepoteza data zao mara kwa mara, kisha wakaitwa wazembe.

2. “antcall”, yaani amri ya kuita shabaha kutoka ndani ya shabaha nyingine, imegeuzwa njia ya kupanga kazi. Kila mwito huanzisha mradi mpya, na tegemezi za shabaha iliyoitwa hutekelezwa tena hata kama zilikwisha kutekelezwa. Majaribio yaleyale hurudiwa katika ujenzi mmoja. Tena thamani zinazowekwa ndani ya mwito hazirudi kwa shabaha iliyoita. Namba ya toleo hupotea, nasi huijaza kwa mkono.

3. Tegemezi nyingi hazikuandikwa. Shabaha ya kukompaili inahitaji msimbo unaozalishwa na shabaha nyingine, lakini haikuitaja popote. Inafaulu kwa sababu tu shabaha kuu imezipanga hivyo, na Ant hufuata orodha kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye kompyuta za wakongwe, mafaili ya zamani huificha kasoro hiyo. Mwajiriwa mpya akikompaili kutoka folda tupu, kazi humkwama na lawama humwangukia yeye.

4. Matoleo hutoka na mabaki ya zamani. Kazi ya “javac” ndani ya Ant hulinganisha muda wa faili la chanzo na wa faili la matokeo yake, na huruka chanzo ambacho hakijabadilika. Darasa moja likibadilika, yanayolitegemea hubaki kama yalivyokuwa, na kosa hugunduliwa na mteja.

MADAI

1. Kila shabaha inayofuta au kubadilisha data iwe na sharti lake yenyewe, na itegemee shabaha ya ukaguzi inayotambua aina ya seva.

2. “antcall” isitumike tena kupanga kazi. Mfuatano uandikwe kwa “depends”, na hatua zinazojirudia ziwekwe kwenye “macrodef”.

3. Kila shabaha itaje yote inayoyahitaji, na kila usiku zijaribiwe mojamoja kuanzia folda tupu.

4. Toleo la mteja lijengwe kutoka folda tupu, bila ubaguzi.

5. Asiadhibiwe mtu yeyote kwa ujenzi uliokwama kabla skripti haijachunguzwa.

Ndugu Mkurugenzi, kazi hii tutaifanya wenyewe. Tunachodai ni kibali cha maandishi na wiki mbili ambazo hatutapangiwa vipengele vipya. Leo mpangilio wa ujenzi umo vichwani mwa watu wachache. Wakiondoka, wataondoka nao. Tunataka uandikwe ndani ya skripti, mahali ambapo kila mmoja wetu anaweza kuusoma, kuukagua na kuusahihisha.

Tunaomba jibu lako ndani ya siku 14.

Tunaomba kuwasilisha.

Watengenezaji Programu, Wapimaji na Wasimamizi wa Seva