Usemaji Usiojenga Tabia

Katika shule nyingi za sekondari za Mbeya na Iringa zimo klabu za wanafunzi zilizopewa kazi mbili: kuwafunza vijana kunena mbele ya watu, na kuwajenga tabia. Kazi ya kwanza yafanyika, ingawa kwa upungufu. Kazi ya pili haifanyiki, wala haitafanyika maadamu klabu hizo zaendeshwa kama ziendeshwavyo sasa. Hatusemi zifungwe. Twasema zimeridhika na nusu ya kazi yao na kuiita kazi nzima. Na kosa hilo si dogo, kwa kuwa ulimi uliotiwa makali bila ya tabia ni hatari kwa watu kuliko ulimi butu.

Tutazame desturi yenyewe. Hoja hutangazwa: elimu ni bora kuliko mali, mkulima ni bora kuliko daktari, shule ya bweni ni bora kuliko shule ya kutwa. Vijana hugawanywa, hawa watetee na hawa wapinge, bila ya kuulizwa waamini nini. Mara nyingi mjadala huwa kwa Kiingereza, na wengi husimama wakiwa wamekariri maneno ambayo hawathubutu kuyageuza. Mwenyekiti hugonga meza, mtunza saa hupiga kengele, kura huhesabiwa, makofi hupigwa. Kesho yake mkulima yu pale pale na daktari yu pale pale. Aliyeshinda hakupata jukumu lolote kwa ushindi wake, na aliyeshindwa hakupoteza kitu. Mchezo huu una faida, kama michezo yote ilivyo na faida. Lakini nani aliyepata kusema kwamba kukimbiza mpira peke yake kwamfanya mtu kuwa mkweli?

Watetezi wa klabu hizi wana jibu. Wasema kijana anayesimama mbele ya wenzake huondokewa na woga, na kuondokewa na woga ni mwanzo wa tabia. Wasema tena kwamba kutetea upande asioupenda humfunza kutazama kwa jicho la mwingine. Hoja hii ya pili ina uzito, nasi twaikubali. Lakini kuvaa rai ya mwingine kwamfaa yule tu ambaye baadaye huivua na kusema yake. Kijana ambaye kwa miaka minne husema aliyopangiwa, asiombwe hata siku moja kutamka aaminiyo, hafunzwi kuona pande mbili. Afunzwa kwamba maneno ni kitu cha kukodiwa. Na juu ya woga tutajibu kwa ufupi: tapeli naye hana woga.

Wako wengine wadhanio kwamba upungufu huu utaondolewa kwa kuongeza sherehe, mavazi na mila. Jambo hilo lilikwisha jaribiwa katika nchi hii hii ya Iringa. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule Malangali, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Mufindi, chini ya ofisa wa elimu aliyeitwa W. B. Mumford. Yeye aliona kwamba shule za kigeni ziliwang'oa vijana katika jamii yao, akataka tabia ijengwe juu ya mila: ngoma, kurusha mikuki, mavazi ya kienyeji, na wazee kuletwa shuleni wawaongoze vijana. Nia yake haikuwa mbaya, na fikira yake kwamba elimu isiyo na mizizi hukauka ilikuwa na kweli ndani yake. Lakini nani aliyekuwa na neno la mwisho, mila ipi iingie shuleni na ipi ibaki nje? Ni ofisa. Baraza la watu waliokuwa wakijitawala lilipoingia katika ua wa shule likawa onyesho. Wahehe, ambao mwaka 1891 waliliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo, hawakuhitaji serikali ya wageni iwafunze kurusha mkuki. Walihitaji kuwa na neno katika mambo ya nchi yao, na somo hilo halikuwamo katika ratiba. Mumford alipoondoka, jaribio lake halikudumu. Malangali ikaendelea kuwa shule kama shule nyingine.

Sasa tutoke Iringa twende Rungwe, upande wa Mbeya, tuone malezi ambayo hayakubuniwa na ofisa yeyote. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Wavulana walipofikia miaka kama 10 au 11 waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja mahali pao wenyewe, na wakati wa kula walizunguka kwa kundi katika nyumba za mama zao. Humo walijifunza kile walichokiita ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa wema, kula nao na kuzungumza nao. Kwani iliaminiwa kwamba hekima hupatikana katika mazungumzo na walio sawa nawe. Aliyewadanganya wenzake jioni aliamka nao asubuhi. Aliyesifu ukarimu kwa maneno alitazamwa mkono wake wakati wa chakula. Kila neno lilikuwa na mashahidi, na mashahidi hao hawakuwa wageni wa saa moja.

Hatutamani vijiji vile virudi. Vilikuwa vijiji vya wanaume. Msichana hakuwa na kijiji cha rika lake, bali aliingia katika kijiji cha mumewe. Leo msichana wa Loleza, mjini Mbeya, ana haki ya kunena sawasawa na kaka yake, na malezi yoyote yanayomsahau hayatufai. Twachukua kanuni, twaacha kibanda. Kanuni yenyewe ni hii: maneno hujenga tabia pale ambapo msemaji aishi na waliomsikia, nao wana ruhusa ya kumwuliza kesho juu ya aliyosema jana.

Kwa kanuni hiyo swali la lugha lapata jibu. Kiingereza ni lugha ya masomo ya sekondari. Kukijua ni faida, na klabu ya kukizoeza iwepo. Lakini mtu hawezi kutoa hesabu ya dhamiri yake kwa lugha ambayo bado ayatafuta maneno yake katika kamusi. Kijana mwenye fikira nzito akinyamaza kwa kukosa msamiati huhesabiwa mjinga, na mwenzake mwenye maneno mengi na fikira chache huhesabiwa kiongozi. Hiyo ni mizani mbovu. Kiswahili kilibeba mikutano ya kudai uhuru tangu TANU ilipoundwa mwaka 1954 hata mwaka 1961. Hakitaelemewa na mjadala juu ya zamu za bweni.

Hapa walimu wakuu wengi husita. Waogopa kwamba wanafunzi wakipewa nafasi ya kujadili mambo ya shule yenyewe, nidhamu itavunjika. Lakini Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua kazi za shule zao, tena ilitaka elimu imjenge kijana awe na akili ya kuuliza na ajiamini kuwa mtu huru aliye sawa na wenzake. Na Shaaban Robert, katika Kusadikika iliyotoka mwaka 1951, alimsimamisha Karama mbele ya mfalme, mshitakiwa kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria. Karama hakunena ili apigiwe makofi. Tumewapa wanafunzi wengi kitabu hicho wakijibie mtihani. Kisha jioni twawarudisha kwenye hoja ya mkulima na daktari! Nidhamu inayovunjika kwa swali la adabu ilikuwa imekwisha vunjika kabla ya kuulizwa.

Twataka mambo manne. Kwanza, katika kila muhula hoja moja walau ihusu maisha ya shule: shamba, chakula, usafi, adhabu, au namna wakubwa wanavyowatendea wageni wa kidato cha kwanza. Pili, mjadala huo uwe kwa Kiswahili. Tatu, pande zikishamaliza kusema zilizopangiwa, kila msemaji asimame tena na kusema aaminiyo mwenyewe. Nne, azimio liandikwe, mwalimu mkuu alijibu mbele ya wanafunzi, akubali au akatae kwa sababu; na walioshinda kwa hoja ya usafi washike ufagio wa kwanza.

Mambo haya hayahitaji fedha wala jengo jipya. Yahitaji mwalimu aliye tayari kuulizwa, na hilo ndilo gumu. Mwalimu asiyetaka kuulizwa aendelee na klabu yake ya makofi, lakini aondoe katika kanuni zake maneno yasemayo kwamba yajenga tabia.