Kiangazi Kilichokausha Bustani

Ni ada iliyokita mizizi miongoni mwa wafasiri wetu kwamba kila wakumbanapo na majira ya joto ya nchi za kaskazini, huyaita kiangazi na kupita. Siafikiani na ada hiyo, na bustani moja ya majini nchini Uchina yatosha kuonyesha sababu.

Bustani hiyo imo kando ya Ziwa Magharibi, jijini Hangzhou, ziwa lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2011. Tangu enzi ya Song ya Kusini (1127-1279), hiyo ni mojawapo ya mandhari kumi mashuhuri za ziwa hilo, nayo ndiyo mandhari ya majira ya joto. Kati ya Juni na Agosti mayungiyungi huchanua, mengine meupe, mengine ya rangi ya waridi. Mvua nazo hazichezi mbali. Hewa hulowa, na matone huviringika juu ya majani mapana mithili ya lulu zilizokatika uzi. Sasa mwambie mwanafunzi wa Kitui kuwa hicho ni kiangazi! Akilini mwake patajaa vumbi, mto uliobaki mchanga mtupu, na punda waliobebeshwa mitungi. Bustani imekauka kabla haijasomwa.

Wapo watakaosema kuwa kamusi zinaruhusu. Naam, lakini kamusi haikuulizwa kuhusu ziwa hili. "Majira ya joto" ni maneno makavu kidogo, nakiri, ila hayakaushi maji.

Yungiyungi nalo lina yake. Tulizoealo sisi jani lake hulala juu ya maji. La Hangzhou husimama juu ya bua refu, ndiyo maana upepo huweza kulitikisa, na upepo umo katika jina lenyewe la bustani. Hapa sioni haja ya kubuni istilahi. Sentensi moja ya maelezo yatosha.

Jina hilo hapo awali lilitaja pia chachu, kwani palikuwa na kiwanda cha pombe, na harufu yake ikichanganyika na ya maua. Mnamo 1699 Mfalme Mkuu Kangxi aliliandika kwa mkono wake ili lichongwe jiweni, akatumia herufi nyingine yenye sauti ileile, imaanishayo kupindapinda. Chachu ikatoweka. Afasiriye shairi la enzi ya Song hana budi kuirudisha. Afasiriye bango la leo na aandike kupindapinda.