Kiingereza kigumu, maneno tunayoyajua tayari

Tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wengi wa mashariki wanakazana kukariri maneno makubwa ya Kiingereza. Sehemu ya kazi hiyo ni bure. Mwaka 1066 William wa Normandie aliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa huko na mahakama zao walitumia Kifaransa. Ndiyo maana mtu aliyesoma Kifaransa shuleni anatambua mara moja "justice", "government" na "parliament".

Tuchukue "curfew". Limetoka katika "couvre-feu", yaani funika moto: jioni kengele ililia, na kila nyumba ikafunika moto wake ili mji usiungue. Mkaaji wa Beni hahitaji kamusi kwa neno hilo. "Mortgage" nalo ni "mort" na "gage", rehani iliyokufa.

Lakini undugu huo una mitego, na hapo ndipo masomo yangepaswa kukaza. Anayeomba kazi akiandika "I demand", akifikiri ni "je demande", ameamuru badala ya kuomba. "Eventually" ni mwishowe, si pengine. Anayetafsiri barua ya mradi akaliweka pahali pa "éventuellement" anawaahidi watu malipo yatakayokuja, kumbe Kifaransa kilisema labda tu. Shule zetu zianze na maneno ya namna hiyo. Orodha ndefu za kukariri zitangoja.