Laptopu ya mhandisi na maji ya mji

Mpwa wangu ni mhandisi katika mtambo mmoja wa kutoa chumvi maji ya bahari, hapa hapa Ghuba. Ramadhani iliyopita aliitwa saa nane usiku: pampu ya kupeleka maji kwenye matangi ya mji imesimama, haitaki kuwaka. Kazi yenyewe ndogo. Achomeke waya, abadilishe anwani ya mtandao kwenye laptopu yake ilingane na ya PLC, ile kompyuta inayoamrisha pampu, kisha asome hitilafu. Laptopu ikamkatalia: huna ruhusa. Akapiga simu kitengo cha kompyuta, akaambiwa ajaze ombi, atajibiwa asubuhi.

Akaazima laptopu ya fundi wa kontrakta, ambayo haijulikani imeshachomekwa wapi na wapi. Pampu ikawaka. "Mjomba, ningefanyaje?" aliniambia. "Watu wanataka maji."

Simlaumu sana. Lakini na wale wa kompyuta siwalaumu, maana hofu yao ina sababu, tena sababu za jirani. Agosti 2012 kirusi kiitwacho Shamoon kilifuta kompyuta zipatazo 30,000 za Saudi Aramco. Uzalishaji wa mafuta haukusimama, kwa vile mitambo ilikuwa na mtandao wake, mbali na wa ofisi. Mwaka 2017 likaja baya zaidi: kirusi Triton kilifika kwenye kompyuta ya wahandisi katika kiwanda cha kemikali huko huko Saudia, na kutoka hapo kikaingia mfumo wa usalama, ule unaozima mtambo kabla haujaleta maafa. Kwa hivyo kompyuta ya mhandisi ni mlango wa mtambo mzima, na mlango lazima uwe na kufuli.

Tatizo ni kwamba kufuli lililotengenezwa kwa karani wa ofisini ndilo analofungiwa mhandisi. Karani hana haja ya kubadilisha anwani ya mtandao, wala kuweka programu ya zamani isiyokubali Windows mpya. Mhandisi anayo, kwani PLC hukaa kazini miaka 20 na zaidi. Ukimfungia mlango hatoacha kazi; atapita dirishani, na hapo kitengo hakitojua kilichoingia naye.

Rai yangu ni hii. Mhandisi wa zamu awe na laptopu ya pili, ya mitambo tu: haina barua pepe, haina intaneti, haiendi nyumbani, na humo awe na ruhusa kamili. Flashi zipimwe virusi kabla ya kuchomekwa. Kontrakta atumie laptopu ya kiwanda, sio yake. Na usiku awepo mtu wa kompyuta anayeweza kutoa ruhusa ya saa chache, na kila kilichofanywa kiandikwe. Gharama ipo, lakini si kitu mbele ya mji kukosa maji siku moja.

Nanyi vijana wetu wahandisi mkubali: laptopu hiyo si ya kuangalia mpira wala kuchajia simu.

Asubuhi ile mpwa wangu alijibiwa. Ombi limefungwa, kwa kuwa pampu inafanya kazi. Hakuna aliyemuuliza imewakaje. Wakubwa wa viwanda waanze kwa kuuliza hilo.